Watasema Alipoanza Kuanguka

Nikisema nimestaafu, watu wanacheka. Wanatafuta mvi kichwani mwangu, hawazioni, wanacheka tena. Lakini mimi nimeshika wanyama tangu nilipoacha shule katikati ya sekondari hadi juzi, nilipovua koti la buluu nikalitundika kwenye msumari, na mtu akivua koti lake la kazi bila nia ya kulirudia, basi amestaafu. Ninakwenda kufuga bata. Mjomba wangu amenipa kipande cha ardhi mbele ya Kapalata, kina kijito na majani marefu, na mimi nimeshakiona kichwani kikiwa kimejaa bata weupe mpaka macho yanauma, na kando ya barabara kibao kikubwa chenye jina langu, Zuhura. Kwa leo bata ni wanne, na mmoja anachechemea. Tutafika.

Merveille na Exaucé, ninyi mnaobaki na lile koti na zile ndoo, mliniomba niwaachie maneno. Docteur naye akasema afadhali niandike, kwa sababu nikianza kusema simalizi na wagonjwa wanangoja. Bon, naandika. Habari za vyeo msizitafute humu. Cheo kilikuwa kimoja tu, mshika-mbwa, na nilikipata siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza nilikuja na viatu vyeupe. Nilidhani duka la dawa za mifugo, tena la Makiso, katikati ya mji, ni mahali pa kusimama nyuma ya meza na kuuliza, "Nikusaidie nini, papa?" Kumbe nyuma ya chumba cha dawa kuna chumba kingine, chenye meza ya bati, na juu ya meza siku hiyo palikuwa na beberu ambaye hakutaka kuwa juu ya meza. Docteur, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akimsemesha kwa Kifaransa. Aliponiona aligeukia Kiswahili: "Mushike pembe, mutoto, usimuangalie mu macho." Nikashika. Viatu havikuwa vyeupe tena. Baadaye nikamwuliza kwa nini anasema Kifaransa na mbuzi na Kiswahili na watu. Akasema mbuzi hawajamsahihisha hata mara moja.

Mama yangu ni mtu wa Kindu, mwislamu asiyekosa swala. Nilipomwambia nimepata kazi ya kushika mbwa, aliniangalia kwanza viatu. Kisha akachukua ndoo ya maji na kopo la udongo safi, akaviweka nje karibu na mlango. "Kazi ni kazi," akasema. "Lakini mate ya mbwa itabakia hapa. Mu nyumba yangu utaingia umeosha." Miaka yote hiyo ndoo haikukosa maji, na mimi sikuijaza hata siku moja. Nilikuwa nikiikuta imejaa.

Vyombo vya kazi mnavijua. Sindano, mkasi, dawa ya vidonda. Lakini chombo kikubwa kuliko vyote ni utepe wa bandeji. Kabla ya kumshika mbwa asiyekufahamu, unaupitisha juu ya pua, unaufunga chini ya taya, unaupeleka nyuma ya masikio. Unafunga taratibu huku unasema maneno ya kijinga kwa sauti ya chini. Docteur alinifundisha hivyo kwa kunifungia mimi mkono wangu, mara nyingi, hadi nikajua ni wapi panauma. Kuna mbwa mmoja tu niliyemshika bila utepe na bila kuogopa, na huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi kuliko meza yote ya bati.

Alikuwa anaitwa Watasema. Huku kwetu kuna watu wasiotukana jirani. Wanafuga mbwa, wanampa jina, halafu wanamwita kwa sauti kubwa. Mwenye mbwa huyu alikuwa Papa Losambe, mzee wa Isangi aliyefanya kazi ya ubaharia mtoni maisha yake yote, na sasa amekaa peke yake katika parcelle, yaani kiwanja chenye nyumba mbili, kwenye barabara ya Kapalata. Nyumba ya pili alikaa Maman Antho, mjane anayekaanga mikate mbele ya lango. Mikate ya kwetu ni yale maandazi ya duara, ya moto. Mbwa huyo alipokuwa kijana aliingiza kichwa katika beseni lake la mikate, akala mpaka akatapika. Maman Antho akawaambia wateja kwamba yule mzee hamlishi mbwa wake, anamtuma kuiba. Maneno yalimrudia Papa Losambe. Kesho yake mbwa aliyekuwa hana jina akapata jina. Kila asubuhi kwa miaka yote iliyofuata, Papa Losambe alisimama mlangoni akaita, "Watasema! Watasema, kuya kula!" na Maman Antho akageuza mikate yake bila kuinua macho.

Asubuhi moja Papa Losambe aliingia dukani bila mbwa, kofia mkononi.

"Docteur, mbwa yangu iko nakufa. Ameanguka mara mbili. Miguu inapiga-piga, povu inatoka, macho yote inakuwa nyeupe. Kisha anaamuka, ananiangalia sawa miye ni mugeni."

Docteur aliuliza maswali yake, na ninyi myashike hivyo hivyo. Ana umri gani? Alikuwa mzee, mdomo mweupe kabisa. Amekula panya aliyekufa, au dawa ya panya? Hapana. Amechanjwa kichaa cha mbwa? Kila mara wachanjaji walipokuja, Papa alimpeleka. Na ulifanya nini alipoanguka?

"Nilitia kijiko mu kinywa, asimeze ulimi."

"Na kijiko?"

"Kijiko iko muzima. Jino njo ilivunjika."

Docteur alivua miwani akaifuta, ishara kwamba anazuia maneno. Kisha akasema kwa upole kwamba mbwa hawezi kumeza ulimi wake, na kwamba hakuna kitu chochote kinachoingia kinywani wakati ule: si kijiko, si mafuta ya mawese, si kitunguu, si kidole. Akanituma nimlete.

Mmewahi kumpakia mbwa mkubwa kwenye toleka? Ile baiskeli ya abiria ina kiti kimoja nyuma, chenye mto, na kiti kilitengenezwa kwa makalio ya binadamu. Mimi nilikaa, Watasema akakaa mapajani mwangu akiwa mrefu kuliko mimi, na mwenye baiskeli akageuka kutuangalia.

"Maman, ile mbwa itaniuma mugongo?"

"Hapana, tonton. Amebakia na meno kidogo, na ile anaichunga."

Njia nzima watu walitupungia. Watasema alitazama mji kama mkubwa wa serikali anayekagua barabara. Masikio yalikuwa laini, yananuka moshi wa jikoni. Hapo ndipo nilipompenda, na sioni sababu ya kuficha.

Mezani Docteur alimsikiliza moyo, akamtazama fizi, akamgusa tumbo muda mrefu. Akamwambia Papa Losambe ukweli. Hapa kwetu hatuna mashine ya kuona ndani ya kichwa. Mbwa akianza kifafa uzeeni, huenda kuna kitu kinakua mule ndani, huenda ini limechoka, huenda ni uzee tu. "Sitaahidi kumuponya. Nitamusaidia aanguke mara chache, na akianguka asiumie." Akampa vidonge, dawa ileile wanayomeza watu wa kifafa, vimekatwa kwa uzito wa mbwa. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Mwanzoni atayumba kama mlevi, atakunywa maji mengi, atadai chakula kila saa. Hiyo si hatari. Hatari ni kukatisha dawa ghafla, kwa sababu hapo kifafa kinarudi na hasira.

Papa Losambe alirudia maneno yote neno kwa neno, kama baharia anayepokea amri. Nilidhani kazi imekwisha.

Dawa ilikuwa bado changa mwilini wakati Watasema alipoanguka langoni, mchana, mbele ya wateja wote wa mikate. Papa Losambe alinipigia simu, nikasikia tu kelele nyuma yake. Mimi na Docteur tulipofika kwa pikipiki, mbwa alikuwa amekwisha kuamka na kujisukuma kwenye kona ya ukuta, anazunguka, haoni vizuri. Mbele yake alisimama Papa Losambe na mikono imetanuliwa. Mbele ya Papa Losambe walisimama vijana wa avenue, yaani wa mtaa, na mawe, na mmoja alishatuma watu kambini kutafuta mwanajeshi mwenye bunduki. Na mbele ya wote alikuwa Maman Antho na kijiko chake kirefu cha kukaangia.

"Ile mbwa iko na kichaa!" alipiga kelele. "Povu yote mbele ya batoto! Muiue sasa, kabla iume mutu!"

Mimi kijana, nikajifanya najua. "Maman, ile haiko kichaa. Ni kifafa tu."

Akanigeukia. Hakupiga kelele tena. "Mutoto, mutoto ya ndugu yangu aliumwa na mbwa kule Maniema. Miye njo nilimukamata mukono mpaka mwisho. Alikuwa anaomba mayi, na akiona mayi anakimbia. Weye ulishaonaka ile?"

"Hapana, maman."

"Basi, nyamaza."

Nilimwangalia Docteur nikitegemea amjibu kwa mambo ya vitabu. Hakufanya hivyo. Alikwenda akasimama karibu naye, akaongea naye kama watu wawili wanaopanga mazishi.

"Maman, uko na haki ya kuogopa. Miye pia ninaogopa ile ugonjwa, na nilisoma juu yake. Mbwa hii ilichanjwa, lakini sitakuambia neno moja ile siwezi kukuonyesha. Tutaifunga mu jiko ya Papa Losambe. Hakuna mutu atagusa kinywa yake. Mbwa ya kichaa haipone: kila siku inazidi, haimeze tena, na mu siku kidogo inakufa. Hii, kama ni kifafa, utaona itakunywa, itakula, itakuangalia. Na mwenye kuilinda haitakuwa Papa Losambe. Yeye anaipenda, ataona tu kile anataka kuona."

"Ni nani sasa?"

Tukamwongoza mbwa jikoni, kisha Docteur akachukua kufuli la jiko kutoka mkononi mwa Papa Losambe, akafunga mlango mbwa akiwa ndani, na ufunguo akauweka katika kiganja cha Maman Antho.

Vijana wangu, katika kazi yangu yote sijaona dawa yenye nguvu kama hiyo. Papa Losambe alitaka kulia. Maman Antho aliutazama ufunguo kama umemwunguza. "Miye?" akasema. "Weye," akasema Docteur. "Ukiona imezidi, utaniita, na miye mwenyewe nitaimaliza bila bunduki. Ukiona haijazidi, utaniambia pia." Nilimwuliza njiani kwa nini amefanya hivyo. Akaniambia kwamba mtu anayeogopa haangalii pembeni.

Mimi nilipewa kazi ya kupita kila mchana. Siku ya kwanza Maman Antho alikuwa amekaa kwenye kiti mbali na jiko, fimbo mapajani, anatazama kupitia ufa wa mbao. Papa Losambe alikuwa anasukuma bakuli chini ya mlango, na kidonge ndani ya ndizi ya kupondwa. "Ndizi amekula," Maman Antho aliniambia bila kunisalimia. "Kidonge anatema. Anajua kutenganisha sawa mwalimu na karatasi."

Tukajaribu samaki, tukajaribu kwanga ya muhogo. Alitema. Siku iliyofuata nilikuta kiti kimesogea karibu. Fimbo imelala chini.

"Amemeza," alisema Maman Antho.

"Mumetia mu nini?"

Akakohoa. "Mu mukate."

"Ya nani?"

"Weye uko polisi?"

Watasema hakuwa amesahau lile beseni la ujana wake. Mkate wa Maman Antho aliumeza mzima, kidonge na yote, bila kuuliza. Tangu siku hiyo alimeza dawa asubuhi na jioni kama mtu wa sakramenti. Maji alikunywa. Kila siku alikuwa afadhali kuliko jana, na kila siku kiti kilikuwa karibu zaidi. Siku Docteur aliporudi kumtazama, Maman Antho hakungoja aulizwe. Alimweleza mbwa yule kwa utaratibu ambao mimi, mwenye koti la buluu, sikuwa nao. Alisema kabla ya kuanguka analamba midomo, anatafuta ukuta, anaweka paji la uso pale kama mtoto aliyeadhibiwa. Alisema baada ya kuanguka haoni, kwa hiyo usimwendee kwa mbele, umwache asikie sauti kwanza. Alisema jua kali na redio ya jirani vinamsumbua. Na muda wa kuanguka, zile mara chache alizoanguka mle jikoni, aliupima kwa sufuria: mikate inatiwa katika mafuta, inapogeuka rangi ya kahawia mbwa amekwisha kutulia.

"Muzuri sana," Docteur akasema. "Basi tunaacha hivyo. Mikate ikiwa kahawia na yeye bado anatetemeka, unaita Zuhura pale pale."

Maman Antho akatoa ufunguo akataka kuurudisha. Docteur akamwonyesha Papa Losambe. Akampa. Wale wawili hawakusalimiana. Lakini mlango ulifunguliwa, Watasema akatoka akiyumba, akaenda kulala katikati ya nyumba mbili.

Jambo moja tu Maman Antho hakutaka. Nilimwambia mbwa akizinduka aitwe kwa jina, pole pole, arudi. Akaweka mkono kiunoni. "Miye nitaje ile jina? Ile jina ni yangu, Zuhura. Nimebeba ile jina miaka yote. Jamais." Akaanza kumwita Voisin, yaani jirani. Nikamwuliza Docteur kama itadhuru. Akasema mbwa anafuata sauti.

Msimu wa mvua ulipofika, habari ilikuja kutoka Isangi kwamba dada yake Papa Losambe amefariki. Ndugu wote wa mtoni walikuwa wanangojea, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Lazima apande baleinière, ile boti ndefu ya mbao, ashuke mto, akae matanga, arudi itakaporudi boti. Hakuna anayejua boti inarudi lini. Alikuja dukani, kofia mkononi tena.

"Nikienda, atakosa dawa. Akikosa dawa, nitakuta amekufa. Nisipoenda, ndugu watasema miye si mutu."

Tulijaribu kumlaza mbwa hapa dukani, katika kibanda cha nyuma. Labda mliambiwa habari hiyo na mtu mwingine, lakini mimi nilikuwepo. Alilia mpaka sauti ikakauka, hakula, jioni akaanguka mara mbili mfululizo. Mbwa mzee akiondolewa kwenye harufu yake anapotea ndani ya kichwa chake mwenyewe. Tukamrudisha kwa toleka. Mimi ningeweza kwenda mchana, lakini asubuhi na jioni, na matope yale ya Kapalata, kila siku, bila kukosa hata mara moja? Nilisema nitaweza. Docteur akatikisa kichwa.

Papa Losambe alisimama uani na mfuko wake mgongoni, boti inamngoja ng'ambo ya mji, na hakujua amwambie nani. Maman Antho alikuwa anageuza mikate.

"Losambe," akasema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliita jina lake tangu lile beseni. "Boti itakuacha."

"Maman, mbwa..."

"Miye nilikuuliza mbwa? Nilikuambia boti. Enda uzike dada yako."

Alikwenda. Kutoka barabarani aligeuka mara nyingi kama mtoto anayepelekwa shule.

Ilikuwa mchana wa jua baada ya mvua wakati simu yangu ilipolia. Sauti ya Maman Antho ilikuwa ndogo. "Zuhura, mikate imekuwa kahawia." Nikachukua sindano isiyo na ncha, ile ya kutilia dawa kwa nyuma, Docteur akajaza dawa ya kutuliza kwa vipimo vyake, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Kabla sijaona lango nilisikia harufu ya kuungua. Maman Antho, ambaye watu wanatoka mbali kwa sababu haunguzi mikate, alikuwa ameacha sufuria nzima ikawa makaa.

Alikuwa amepiga magoti katika matope. Kitenge chake cha juu alikuwa amekivua, amekishika mikono miwili juu ya mbwa kumtengenezea kivuli, amebaki na blauzi mbele ya avenue nzima. Benchi alikuwa ameliondoa. Makaa ameyasukuma mbali. Wale wale vijana wa mawe walikuwa wamesimama wamegeuka mgongo, wamefanya ukuta, na mmoja alikuwa anawazuia wapita njia: "Muende! Hakuna kitu ya kuona hapa! Zima ile redio, weye!"

Watasema alikuwa ametetemeka mpaka mwili umekuwa wa moto. Niliinua mkia, nikaingiza dawa, nikamlowesha miguu kwa maji ya baridi, na hapo hakuna tena cha kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kugumu kuliko kazi yote. Maman Antho hakushusha kitenge. Mikono yake ilikuwa inaanza kulegea.

"Voisin," alikuwa anasema. "Voisin, usinifanyie hivi. Mwenye mbwa haiko. Atarudia anikute na nini? Voisin, kuya."

Miguu ilipunguza. Ikasimama. Mbavu zikapanda, zikashuka. Kisha jicho moja likageuka, halikuona kitu, likaendelea kugeuka pale sauti ilipotoka. Aliinua kichwa kidogo, na kichwa kilikuwa kizito, akakiweka juu ya mguu wa Maman Antho, matope na yote.

Yeye alikaa chini. Kitenge kikamwangukia kichwani na hakukitoa. "Lete chai, mutu mumoja," akasema humo ndani ya kitenge. "Lete chai, miye siwezi kusimama."

Docteur aliongeza dawa kidogo, na kile kipindi kirefu hakikurudi. Papa Losambe alirudi na boti iliyochelewa sana. Alishuka bandarini akachukua pikipiki bila kupita mahali, na mimi nilikuwepo uani kwa bahati, nimekuja kuhesabu vidonge vilivyobaki. Alisukuma lango kwa nguvu, mfuko umening'inia, anaita kwa sauti ya barabarani, "Watasema! Wata..."

"Shhh!" Maman Antho alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mbwa amelala na kidevu juu ya kandambili yake. "Utamuamusha! Ametoka kulala sasa hivi. Mutu akitoka safari anaingiaka hivyo?"

Papa Losambe alisimama akafunga mdomo. Kisha akashusha mfuko taratibu, akakaa kwenye benchi, akatoa humo samaki wa moshi wa Isangi, mkubwa, amefungwa kwa majani, akamweka karibu na ile kandambili. Maman Antho akamfungua akamnusa.

"Huyu ni wa mbwa ao wangu?"

"Wako, maman."

"Bon. Kaa basi. Kumekuwa mambo."

Na akamweleza yote, kwa sauti ya chini, mbwa asiamke.

Watasema aliishi baada ya hapo muda ambao Docteur mwenyewe hakuutarajia. Alianguka bado, mara moja moja, na wakati huo watu walijua la kufanya. Alikufa asubuhi, katikati ya nyumba mbili, bila kuanguka. Alilala tu, akaendelea. Maman Antho ndiye aliyekuja dukani kutuambia, na kitenge chake cha Jumapili. Nilitoka nikamkumbatia, mama yangu anisamehe, nikiwa sijaosha mikono. Alilia kidogo, akajifuta, kisha akaweka juu ya meza pakiti ya vidonge vilivyobaki.

"Hii isitupwe. Kuko mutu mwengine, mbwa yake inaanguka?"

Docteur akasema yupo. Alikuwepo: mwalimu mmoja wa Mangobo, mbwa jike mzee, mwenyewe alikuwa ndani, kando ya meza ya bati, wakati uleule, anatetemeka kuliko mbwa. Maman Antho hakuomba ruhusa. Aliingia chumba cha nyuma, akasogeza kiti.

"Papa mwalimu, kwanza usitie kijiko. Ya pili, anaanzaka namna gani? Analamba midomo?"

Mwalimu akamwangalia, akanigeukia mimi, akafikiri yule mama ndiye daktari. Hakuna aliyemsahihisha.

Sasa mimi naondoka kwa bata wangu. Utepe wa bandeji mmejua kufunga, sindano mtazoea. Lakini akija mtu analia kwamba mbwa wake mzee ameanguka, na Docteur ameshampima na kumpa vidonge, msimwache arudi nyumbani peke yake na hofu yake. Mwonyesheni njia ya Kapalata. Akifika atamkuta mama anakaanga mikate na mzee mmoja wa mtoni anampulizia moto. Asubiri wamalize wateja, kisha aulize. Watamwambia yote, kila mmoja akimkatiza mwenzake.